Mama Kwandu na Ndago ya Kisarawe

"Mama Kwandu, njoo Kisarawe. Na uje na meno yako."

Simu ikakatwa. Kabula, ambaye ndiye huyo Mama Kwandu, akabaki amesimama katikati ya shamba lake la ukoka pale Mbwawa, mpira wa maji mkononi, maji yakimlowesha viatu bila yeye kujua. Aliyepiga alikuwa Hashiru, mwenyekiti wa klabu ya soka ya maveterani wa Kisarawe. Hashiru ni Mzaramo, Kabula ni Msukuma, na kwa utani wa makabila hayo mawili hawajawahi kupeana hata salamu bila kuchokozana kwanza. Lakini habari ya meno haikuwa utani, na Kabula alilijua hilo palepale.

Ni hivi. Pembeni mwa barabara, mbele ya shamba lake, Kabula ameweka kibao cha bati kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: UKOKA BILA NDAGO. Chini yake, kwa herufi ndogo: Ukiiona, niite niitafune. Kibao kina miaka kumi na mmoja pale. Ameuza ukoka Misugusugu, ameuza Kongowe, amewatandikia mabwana wa ofisini wanaotoka alfajiri kwenda Dar na kurudi giza limeshaingia, wasione hata rangi ya bustani zao, na hakuna aliyewahi kumwita aje kutafuna. Watu wanapita, wanasoma, wanacheka, halafu wiki inayofuata wanarudi kununua.

Anayeijua ndago anajua kwa nini kibao kile kinauza. Ukoka ukishapandwa vizuri unafunga ardhi yote, huoni udongo. Ndago inatoboa katikati yake kwa jani la kung'aa lililonyooka, ukiling'oa linakuachia kipande mkononi, na punje yake nyeusi inabaki chini imetulia, inangoja uondoke. Punje hiyo imeungana na nyingine kwa kiuzi chembamba, na hiyo na nyingine tena. Ukikata kiuzi, kila moja inaamka na kuanza maisha yake. Kuna mzee mmoja Kongowe aliyechoka nayo akamwaga zege ua mzima. Ndago ikatokea kwenye ufa, ikanyoosha shingo kama inamsalimia.

Kabula alizaliwa Bariadi, kwenye pamba. Baba yake alikuwa na bomba la dawa la mgongoni, na kabla binti hajaruhusiwa kulivaa alifundishwa kurusha nyasi kavu juu, atazame upepo unazipeleka wapi, ndipo afungue koki. Alipoolewa na Mashauri, karani wa serikali, akahamishiwa naye Kibaha, alifika na masanduku mawili na ujuzi huo wa upepo. Mashauri alimcheka. Huku mjini, alimwambia, nani ana pamba?

Pamba haikuwepo, lakini nyumba mpya zilikuwa zinaota kila kona, na kila nyumba mpya ilitaka bustani. Usidhani Kabula alizaliwa bingwa. Kazi yake ya tatu ilikuwa kwa mchungaji mmoja ambaye ndago ilikuwa imemharibia ukoka nusu ua. Kabula akaenda na dawa ile ambayo wakulima hupulizia shamba zima kabla ya kupanda mahindi, akajaza bomba, akapuliza kwa madaha. Baada ya siku kumi ua wote ulikuwa wa kahawia, ukoka umekauka hadi mizizi. Mwezi ulipokwisha, kitu cha kwanza kuchipua kilikuwa ndago. Mchungaji hakumfokea, na hilo lilimuumiza kuliko matusi. Alipanda upya ua ule kwa mikono yake, masika nzima, akiwa amepiga magoti. Hapo ndipo alipoanza kuuliza tofauti ya dawa ya kufyeka shamba na dawa ya kuchagua, ile inayopita kwenye ukoka ikauacha na kuikamata ndago peke yake. Aliuliza maduka yote ya pembejeo, akasoma karatasi za ndani ya maboksi zile watu wanazotupa, akawa anajua zaidi ya wauzaji. Leo akikwambia jambo kuhusu ukoka, hasemi nadhani.

Basi asubuhi ile ya Juni alivaa gambuti, akatia kisu kwenye mkoba, akapanda bodaboda ya njia ya Kiluvya hadi Kisarawe.

Maveterani walikuwa wamemsubiri. Walijipanga kando ya goli la kaskazini, wanaume kumi na watatu, jezi zimewabana matumboni, na mbele yao Hashiru ameshika sahani ya bati. Juu ya sahani palikuwa na punje moja ya ndago, iliyooshwa vizuri, na pembeni yake chumvi na kipande cha ndimu.

"Karibu mezani, Msukuma," Hashiru alisema. "Pilipili tumekosa, utatusamehe."

Walicheka hadi wengine wakashika magoti. Kabula naye alicheka, maana kwa mtani usipocheka umeshindwa tayari. Kisha akatazama nyuma yao na kicheko kikaisha. Ukoka aliowatandikia mwezi wa nne, mikeka yake mwenyewe aliyoikata kwa mkono na kuileta kwa kirikuu safari saba, ulikuwa umetobolewa na ndago kuanzia mlingoti wa goli hadi karibu na alama ya penalti. Zilikuwa nyingi mno kuhesabika. Zimefyekwa juzi tu na tayari zilikuwa zimeupita ukoka kwa vidole viwili.

Alipiga magoti, akatoa kisu, akakata kipande cha mraba na kukiinua taratibu. Akawaita wasogee.

"Tazameni. Huu udongo mweusi ni wa Mbwawa, umekuja na mkeka wangu. Unene wake vidole vinne. Chini yake huu mwekundu, mnaujua?"

Wote walikuwa wanaujua. Ulikuwa udongo ulioletwa kwa lori kusawazisha kiwanja. Shina la ndago lilitoboa mkeka kutoka chini, na punje ilikuwa imelala ndani ya udongo mwekundu, imeungana na wenzake watatu. Katika udongo mweusi hapakuwa na hata moja.

Aliyeagiza lori lile alikuwa Hashiru mwenyewe, na siku ile Kabula alipomuuliza kwenye simu kama udongo umechekechwa, alijibu kwamba umechekechwa mpaka unaweza kuusongea ugali.

"Ulikuwa msafi," Hashiru alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Kabula angeweza kuishia hapo na kurudi Mbwawa na kibao chake kikiwa kizima. Lakini kuna jambo lilikuwa linamchoma, na hakulisema. Siku ya kutandika mvua ilikuwa inakuja, mikeka inapata joto kwenye gari, naye akatandika bila kuchimba hata shimo moja kuuangalia udongo. Alimwamini mtu kwenye simu. Mchungaji yule alimfundisha kwa masika nzima asiamini kitu ambacho hajakiona, na yeye akasahau kwa sababu ya wingu.

"Mna mechi na Kibaha Septemba," alisema akifuta kisu. "Nipeni mpaka siku hiyo. Siku ya mechi ikionekana ndago hata moja kiwanjani, nitaitafuna mbele ya Kibaha yote, na kibao changu nitaking'oa siku hiyohiyo. Isipoonekana, utatafuna wewe, Mwenyekiti, uliyeleta udongo. Na chumvi yako hiyohiyo."

"Hata ndimu nitaleta," Hashiru alijibu, na maveterani wakapiga makofi.

"Kwanza, kuanzia leo hakuna kufyeka hapa wala kung'oa. Wiki mbili."

Makofi yakakatika. "Wiki mbili? Si itatufika magotini?"

"Ndivyo ninavyotaka."

Aliichukua ile punje kwenye sahani, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaondoka.

Dawa aliichukua kwenye duka la Nuria, Kongowe, binti anayeuza pembejeo na asiyependa kuuza kitu asichokielewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka ile ya ndago, ya unga, yenye kijiko chake. Isiyodhuru ukoka. Ni ya goli zima la Kisarawe."

Nuria alitoa kichupa kidogo, akatazama tarehe ya mwisho, akamwonyesha. "Sehemu yote hiyo ya goli? Nikupe viwili?"

"Kimoja. Bomba likijaa, kijiko kimoja kilichosawazishwa. Nimeshapima eneo kwa hatua."

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Watu wa Kisarawe walipita kiwanjani wakaona ndago zimesimama zinapepea, wakauliza kama maveterani wameamua kufuga. Hashiru alikuwa anapiga simu kila siku ya pili. Hata Mashauri, ambaye tangu astaafu kazi yake ni kusikiliza redio na kutoa ushauri ambao haujaombwa, alimuuliza mkewe mezani, "Sasa siku hizi unalima ndago?"

"Dawa inaingilia kwenye jani ndipo ishuke kwenye punje," Kabula alimjibu. "Ukifyeka jani, dawa itapita wapi? Nataka kila moja iwe na majani manne, matano. Kula ugali wako."

Kilichomtia wasiwasi hakikuwa Hashiru wala Mashauri. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ambapo maduka yanafungwa asubuhi na kila mtu anatoka na jembe, fyekeo na ufagio. Alimkumbusha Hashiru mara tatu. Siku yenyewe aliamka mapema, lakini pikipiki ikapata pancha njiani, na alipofika kiwanjani jua lilikuwa limeshapanda.

Fadhila, mke wa Hashiru, alikuwa ameshafika. Ni mwanamke wa shughuli, akishika jambo halimponyoki, na bustani yake ya matembele imepakana na kiwanja upande uleule wa goli. Yeye na wanawake wenzake wanane walikuwa wameinama na majembe ya mkono, wameshang'oa mstari mrefu wa ndago kuanzia pembeni hadi karibu na mlingoti.

"Mama Kwandu!" aliita, uso umejaa furaha. "Tumekupunguzia kazi!"

Kabula alihisi hasira imempanda mpaka masikioni. "Acheni! Fadhila, waambie waache! Kila jembe hapo limekata viuzi mia!"

Majembe yakasimama. Furaha ikamtoka Fadhila usoni. "Miaka yote tunafanya usafi, hatujawahi kufokewa na mgeni kwa kung'oa majani."

"Na miaka yote ndago iko palepale au imepungua?"

Kabula aliona amekosea namna ya kusema, ingawa hakukosea alichosema. Alivuta pumzi, akaomba radhi kwa kufoka kwake, kisha akaokota vijiti vinne na kamba ya katani, akazungushia ule mstari uliong'olewa.

"Humu sitapuliza," alisema. "Hapa pabaki pako, dada yangu. Kwingine ni pangu. Tuone."

Jumatatu alirudi na bomba. Kiwanja kilikuwa kimemwagiliwa siku mbili kabla, ndago zimeshiba zinang'aa. Alitandika turubai juu ya matembele ya Fadhila, akabana kingo zake kwa matofali, maana dawa inayouacha ukoka haijaahidi kuyaacha matembele. Akavaa glavu, barakoa na gambuti. Akarusha nyasi kavu juu. Upepo ulikuwa mdogo, unaelekea kiwanjani. Akapima kijiko, akakipitisha kidole juu kisawazike, akakoroga kwenye ndoo kwanza kabla ya kumimina.

Hashiru alikuwa amesimama kwa mbali. "Ongeza kijiko kingine, ife haraka!"

"Ukipewa vidonge viwili vya malaria unameza pakiti nzima? Kaa hukohuko."

Alipuliza kwa hatua zilezile za Bariadi, akirudi kinyumenyume ili asikanyage alipolowesha, mkono mmoja unapampu, mwingine unaongoza. Alipofika kwenye kamba ya Fadhila alifunga koki, akazunguka, akaendelea upande wa pili. Alipomaliza aliosha bomba mara tatu na maji yake akayamwaga hapohapo kwenye ndago, na Kisarawe nzima ikaanza kungoja.

Siku ya tano hapakuwa na kitu. Siku ya nane Hashiru alituma picha, na chini yake maneno matatu: UKOKA UNAKUFA, MSUKUMA. Kabula aliikuza ile picha kwa vidole, na kweli ukoka ulikuwa umeingia umanjano. Mchana ule chakula kilimshinda. Alijua karatasi ya dawa inasema ukoka unaweza kufifia siku chache kisha ukarudi, alikuwa ameona ikitokea mara nyingi, lakini mbele ya macho alikuwa anauona ua wa mchungaji. Mashauri aliona sahani haijaguswa, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu hakutoa ushauri. Alimwekea chai tu.

Kesho yake akaenda mwenyewe. Alipiga magoti kwenye ukoka, akafunua majani ya juu, akaona machipukizi ya kijani chini. Akacheka peke yake. Akamwambia Hashiru amwagilie maji na asimpigie tena simu mpaka aitwe.

Wiki ya tatu aliwaita wote, na Fadhila alikuwa wa kwanza kufika. Ukoka ulikuwa umerudi kwenye kijani chake. Ndago zote zilizopulizwa zilikuwa zimekauka kuanzia moyoni, zimelala. Kabula alichimba moja mbele yao, akatoa punje, akaibinya kwa kucha. Ikasagika, imeoza. Alichimba ya pili, hivyohivyo. Kisha akawapeleka kwenye kamba ya katani.

Kamba yenyewe ilikuwa haionekani. Mahali walipong'oa wanawake tisa kwa jasho lao palikuwa pamefungamana ndago changa, mbilimbili na tatutatu kila pale palipokuwa na moja.

Fadhila alisimama pale, mikono kiunoni.

"Kumbe nilikuwa naipanda," alisema. "Miaka yote naipanda kwa mikono yangu, kila mwezi."

Kuanzia siku hiyo Kabula hakuhitaji mlinzi. Siku ya usafi ya mwezi wa saba Fadhila alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya goli, na mtu yeyote aliyepita na jembe alielekezwa kwenye mtaro. Agosti, wiki sita baada ya ile ya kwanza, Kabula alipuliza mara ya pili, safari hii pamoja na mstari wa kamba, ambao sasa majani yake yalikuwa yamefika kiasi alichokitaka. Turubai la matembele alilitandika Fadhila mwenyewe, na nyasi kavu alizirusha yeye.

Siku ya mechi, Kibaha walikuja na basi na ngoma. Kabla ya filimbi maveterani wa Kisarawe walijipanga mstari mmoja na kutembea taratibu kutoka goli hadi katikati, wameinamisha vichwa, wanatafuta. Waliofika na mashaka na waliofika kushangilia waliungana nao. Kipa wao, Tito, alipiga magoti akapekua kwa vidole kuzunguka milingoti yote miwili. Robo saa ikapita. Ukoka ulikuwa umefunga, safi, na hapakuwa na hata jani moja la ndago.

Hashiru alijitokeza na sahani yake ya bati, chumvi na ndimu juu yake, akaiinua mbele ya watu wote na uso wa mtu aliyeonewa.

"Jamani, mimi ni mtu wa ahadi. Niko tayari kutafuna. Lakini nitatafuna nini? Mama Kwandu amemaliza zote! Niitoe wapi ndago?"

Kelele za kicheko zilisikika hadi barabarani. Alikuwa ameponyoka, na alijua ameponyoka, akaanza kubana sahani kwapani.

"Subiri, Mwenyekiti," Kabula alisema.

Alifungua pindo la kanga. Ilikuwa kanga ileile ya Juni, na punje ilikuwa ileile, imekauka, imekunjamana, nyeusi. Akachukua sahani kwapani mwa Hashiru, akaiweka punje katikati, akatoa kisu chake na kuikata vipande viwili sawasawa.

"Nusu yako," alisema, "uliyeleta udongo bila kuuchekecha."

Akachukua kipande cha pili, akakichovya kwenye chumvi.

"Na nusu yangu, niliyetandika bila kuuchimba. Niliona wingu nikaogopa mvua. Hilo sikuwaambia."

Kicheko kilitulia. Hashiru alichukua nusu yake, akaikamulia ndimu. Walitia midomoni pamoja, wakatafuna. Hashiru alikunja uso wote. Kabula alitafuna polepole hadi mwisho, akameza, akafuta mdomo kwa kanga, na ndipo mwamuzi akapuliza filimbi.

Jumapili asubuhi, Mbwawa, Mashauri alimkuta mkewe amesimama mbele ya kibao na kopo la rangi nyekundu. Alidhani anakipaka upya. Aliposogea akaona anaongeza mstari chini kabisa.

"Mama Kwandu, ukiandika hivyo si utafukuza wateja?"

Kabula hakugeuka. Alimalizia herufi ya mwisho, akarudi nyuma hatua mbili, akasoma kwa sauti:

"Nimeshaitafuna mara moja. Ni chungu."